Nyumba Njema si Mlango?

Wahenga walituachia methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake inajulikana: usimpime mtu kwa sura yake, wala kitu kwa rangi yake ya nje. Ni methali ya hekima, na inapohusu watu naikubali bila masharti. Lakini liko jambo moja ambalo limenifanya niitilie shaka, nalo ni hifadhidata, yaani yale majedwali yaliyomo ndani ya kompyuta ambamo siku hizi tumewekwa sote: majina yetu, umri wetu, madeni yetu, magonjwa yetu, na watu tutakaowaachia mali yetu. Katika nyumba ya namna hii mlango si pambo. Anayeingia haoni kitu kingine, na kilichokataliwa mlangoni hakimo ndani.

Nieleze kidogo, maana si kila msomaji amekaa karibu na mambo haya. Hifadhidata ina pande mbili. Upo upande wa nyuma, ambao mimi huuita ghala; huko ndiko kumbukumbu zinakolala. Upo na upande wa mbele, ambao ndio macho ya karani hukutana nao: fomu zilizo juu ya kioo, visanduku vya kujaza, vitufe vya kubonyeza, ripoti za kuchapa. Pande hizi mbili aghalabu hutengenezwa na watu tofauti, wasiojuana, na hata wenye nia tofauti. Ghala zuri unaweza kulipata bila kulipa senti. Mojawapo ni PostgreSQL, ambalo asili yake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na ambalo lilipata jina lake la sasa mwaka 1996. Halina tajiri mmoja anayelimiliki. Msimbo wake umewekwa wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Hiyo ndiyo maana ya programu huria, na ni zaidi ya kupata kitu bure.

Lakini ghala hilo, ukiliwasha, halina uso. Linakungoja uliandikie maagizo katika lugha yake, herufi kwa herufi. Huwezi kumketisha hapo karani wa kawaida na kumwambia aanze kazi. Kwa hiyo aliyechagua ghala huria hajamaliza kuchagua. Bado ana mlango wa kuuweka, na kwa maoni yangu hapo ndipo suala linapoacha kuwa la mafundi peke yao na kuwa la maadili.

Najua wapo watakaocheka. Maadili yanaingiaje katika vitufe? Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya chama kidogo cha akiba na mikopo, chenye wanachama wasiofika 400, wengi wao wakulima na wauzaji wa sokoni. Leja zetu zilikuwa zimechakaa kiasi cha kufungwa kwa kamba. Tulikubaliana kuhamia PostgreSQL katika kikao kimoja, bila ubishi. Kuhusu mlango tulibishana karibu miezi miwili, na ulikuwa ubishi wa watu wenye akili timamu.

Milango iliyoletwa mbele yetu ilikuwa minne. Wa kwanza ulikuwa Microsoft Access, programu ya kulipia ambayo imekuwapo tangu mwaka 1992 na ambayo inaweza kuunganishwa na maghala ya watu wengine. Karani wetu alikuwa ameitumia kazini kwake kwa zamani na mikono yake iliizoea. Wa pili ulikuwa Base, ndugu mdogo katika familia ya LibreOffice, ambayo ni huria. Wa tatu ulikuwa pgAdmin, chombo cha mafundi cha kulitazama ghala lenyewe bila pazia. Wa nne ulikuwa kurasa ambazo fundi wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, angeziandika mwenyewe ili zifunguliwe kwa kivinjari cha kompyuta yoyote ile.

Fundi alisimama upande wa uhuru, na alisimama vizuri. Alituambia kwamba kuchagua ghala huria na kuliwekea mlango wa kulipia ni sawa na kujenga kisima cha kijiji halafu kumpa mfanyabiashara mmoja kamba na ndoo. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Ni mama wa makamo, asiyependa maneno mengi. Akamwambia: "Nimekusikia, mwanangu. Sasa niambie, huo uhuru atakayeubeba ni nani? Maana hesabu zikikataa kulingana saa kumi na moja jioni, wewe utakuwa umekwisha ondoka."

Nimelifikiria swali hilo kuliko jambo jingine lolote lililosemwa katika vikao vile. Katika mazungumzo mengi kuhusu programu huria, anayeipigania kanuni ni fundi, au mkurugenzi, au mfadhili, na anayelipa gharama yake ni mtu wa mshahara wa chini kuliko wote chumbani. Yeye ndiye atakayejifunza upya. Yeye ndiye atakayechelewa kurudi nyumbani kwa sababu kitufe kimehamishwa. Mtu anayeweka nadhiri ya kufunga halafu akamnyima mtoto wake chakula hajafunga. Kama kamati inataka uhuru, basi kamati iulipie: kwa muda wa mafunzo, kwa posho ya saa za ziada, na kwa kumpa karani haki ya kuikataa fomu na kuirudisha kwa fundi mara nyingi kadiri atakavyoona inafaa. Bila hayo, upande wa karani ulikuwa na haki zaidi kuliko wa fundi, na nilisema hivyo kikaoni.

Hata hivyo urahisi nao una mtu anayeulipia, ila mtu huyo hayumo chumbani. Atakuja baadaye. Mfano mzuri wa jambo hili uko jirani, Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, ulianzishwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulijengwa kwa Access, na ulifanya kazi. Kisha wagonjwa wa UKIMWI wakaongezeka, vituo vikaongezeka, na kuanzia mwaka 2004 mfumo mpya na mkubwa zaidi ukabuniwa: OpenMRS, ulio huria, ambao kufikia mwaka 2006 ulikuwa ukitumika Eldoret. Ghala lake lilikuwa MySQL, nalo huria. Lakini fomu za mwanzo ambazo makarani walijazia, wakinakili karatasi za madaktari, zilitengenezwa kwa InfoPath, programu ya Microsoft ya kulipia.

Siwalaumu waliochagua hivyo. Walikuwa na wagonjwa mlangoni, na InfoPath iliwawezesha kutengeneza fomu haraka bila kuandika msimbo. Lakini tazama yaliyozipata pande hizi mbili. Ghala lilibadilisha wenyewe mara mbili: mwaka 2008 kampuni ya Sun iliinunua kampuni ya MySQL, na mwezi Januari 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle. Watu wengi waliogopa. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, mmoja wa waasisi wake, Michael Widenius, aliuchukua mwaka 2009 akaanzisha tawi jingine aliloliita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo. (MySQL ilikuwa imebeba jina la binti mkubwa, My. Baba huyu hakutaka ugomvi nyumbani.) Asiyemwamini mmiliki mpya alikuwa na pa kwenda na kumbukumbu zake. Upande wa mlango haikuwa hivyo. Mwaka 2014 Microsoft ilitangaza kwamba hapatakuwa na toleo jingine la InfoPath, na kikomo cha msaada wake kikapangwa kuwa Julai 2026. Hakuna aliyeweza kuuchukua msimbo na kuuendeleza. Bahati njema jumuiya ya OpenMRS haikungoja tangazo hilo. Ilikuwa imekwisha kujitengenezea milango mingine iliyo huria. Lakini kila fomu inayohamishwa kutoka mlango mmoja kwenda mwingine ni jasho la mtu, na kwa kawaida si jasho la yule aliyechagua mlango wa kwanza.

Kuhusu Access kulikuwa na jambo jingine ambalo kamati iliona haya kulitaja, nami nikalitaja. Katika ofisi nyingi za kwetu, programu ya kulipia maana yake ni programu ambayo hatukuilipia. Mtu analeta nakala ndani ya flashi, inawekwa, kazi inaendelea. Chama chetu kinawafuata wanachama majumbani kwa deni la shilingi elfu ishirini. Sikuona ni kwa uso gani tungefanya hivyo huku kompyuta ya ofisi ikiendeshwa kwa kitu cha wizi. Tungeweza kununua, ndiyo, na kununua kihalali ni jambo la heshima kabisa. Mhazini alipopiga hesabu za leseni na za kompyuta ambazo zingehitajika, mjadala wa mlango huo ukapoa wenyewe.

Mlango wa tatu, ule wa mafundi, ulikuwa na mtetezi mmoja tu, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba upo tayari na ni wa bure. Hapo fundi na karani walikuwa kitu kimoja. Chombo cha namna ile kinakuonyesha majedwali yenyewe, na mwenye ruhusa ya kutosha anaweza kugeuza salio la mwanachama kutoka laki tatu kuwa elfu thelathini kwa kubonyeza mara mbili, bila kuulizwa sababu. Kumpa karani mlango huo si kumwamini. Ni kumweka katika majaribu, na siku fedha itakapopotea, ni kumwacha bila ushahidi wa kujitetea.

Tukabaki na Base na kurasa za fundi. Zote huria, zote zinawezekana. Ilitubidi tuanze kutazama visanduku vyenyewe, na hapo ndipo mimi nilijifunza zaidi.

Chukua kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi hawaijui. Wanajua walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au kabla ya barabara kupita. Sasa ghala la kompyuta, ajabu ni kwamba, halina tatizo na hilo. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani, ndiye aliyeeleza mwaka 1970 namna ya kupanga kumbukumbu katika majedwali yanayohusiana. Na mwaka 1985, alipotaja kanuni ambazo hifadhidata ya kweli lazima izitimize, mojawapo ilikuwa kwamba iwepo alama maalumu ya jambo lisilojulikana, isiyo sifuri wala maandishi matupu. Kwa hiyo ghala lina adabu ya kusema "sijui". Mlango ndio unaoikosa. Mtengeneza fomu anaamua kwamba kisanduku ni cha lazima, na fomu haisogei mpaka kijazwe. Karani afanye nini? Ana foleni. Anaandika 1 Januari. Ndiyo maana wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani wamejikuta wote wamezaliwa siku ya mwaka mpya, kana kwamba mama zao walipatana.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa jambo hili. Fomu ile haikumzuia karani kusema uongo, ilimlazimisha. Uongo huo ukiisha kuingia ghalani haujulikani tena kuwa ni uongo. Unakaa pamoja na tarehe za kweli, na baada ya miaka kumi mtu atapiga wastani wa umri wa wanachama na kuamini alichopata. Wale wa OpenMRS walilifikiria hili: katika jedwali lao la watu, pembeni ya tarehe ya kuzaliwa, iko nafasi ya kuonyesha kwamba tarehe hiyo ni ya kukisia. Ni nafasi ndogo sana, ya ndiyo au hapana, nami naihesabu miongoni mwa mambo ya uadilifu niliyoyaona katika kompyuta. Lakini hata hiyo haina faida kama fomu iliyo mbele ya karani haikuionyesha.

Kisha tukafika kwenye kisanduku cha mrithi. Fomu ya majaribio ilikuwa na nafasi ya jina moja. Haikuwa hila ya mtu. Zana nyingi za kutengeneza fomu kwa haraka hukupa kwanza kilicho rahisi, yaani jedwali moja na mstari mmoja wa kila kitu. Fomu iliyo ndani ya fomu, yenye kupokea majina matatu au saba, inawezekana katika Base na hata katika Access, ila lazima uitake. Aliyeitaka alikuwa karani. Alitukumbusha mwanachama mmoja, bibi mjane muuza samaki, ambaye kwenye leja ya karatasi alikuwa ameandikisha wajukuu wanne, na pembeni ya jina la mmojawapo yakaongezwa maneno "ada ya shule kwanza". "Huyu bibi," karani aliuliza, "kompyuta itamchagulia nani?"

Kikao kilinyamaza. Sheria za mirathi zina mambo yake na sitaki kujifanya mwanasheria. Lakini ilikuwa wazi kwamba kisanduku kimoja kingefanya uamuzi ambao bibi hakuufanya, na kingeufanya kimyakimya. Siku ya msiba wajukuu watatu wangeambiwa kwamba hawamo, na anayewaambia angeamini kwamba anasema kweli, kwa kuwa ndivyo kioo kinavyoonyesha. Ghala lingeweza kuwabeba wote wanne pamoja na maneno ya pembeni. Aliyewafukuza angekuwa bawabu.

Kwa sababu hiyo tulichagua kurasa za fundi, kwa sharti kwamba karani aketi naye. Base isingekuwa uamuzi mbaya, na chama chenye fundi asiyeweza kuandika kurasa kingefanya vema kuichukua. Kilichoamua ni kwamba fundi alikuwa tayari kuvunja na kujenga upya kila Ijumaa, na kamati ilikubali kumlipa kwa hilo.

Wiki zile saba ndizo ninazozikumbuka kwa furaha. Programu huria zina faida moja ambayo husahaulika: unaweza kuuandika mlango kwa lugha yako. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wameshiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Basi fundi akaandika vitufe vyetu: Hifadhi, Tafuta, Chapa, Futa. Karani alikipinga kitufe cha mwisho.

"Mwanangu, kwenye leja hatufuti," alisema. "Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unatia saini."

Fundi alikuwa hajawahi kuishika leja. Aliomba aletewe moja, akaitazama kurasa kadhaa, akiyafuata makosa ya miaka ya tisini kwa kidole. Wiki iliyofuata kitufe kilikuwa kinasomeka Batilisha, na ukikibonyeza, muamala wa zamani unabaki pale pale umepigwa mstari, na chini yake panakuwa na jina la aliyebatilisha, saa, na sababu. Hapo nilimwona kijana aliyesoma programu za dunia nzima akifundishwa uaminifu wa hesabu na mama aliyemaliza darasa la saba, nao wote wawili wakiliona kuwa jambo la kawaida tu.

Tangu wakati huo fundi amepata kazi mjini, kama ilivyotarajiwa. Msimbo wa kurasa upo katika flashi mbili, moja ndani ya sanduku la fedha na nyingine nyumbani kwa mhazini, na fundi wa pili ameweza kuusoma, ingawa alilalamika kwamba mwenzake hakuacha maelezo ya kutosha. Bibi muuza samaki ana mistari minne, na maneno yake ya pembeni yamo kama alivyoyasema. Mwenyekiti lakini hajaridhika. Ripoti inayotakiwa huko juu ina safu ya umri, na safu hiyo kwetu ina mapengo 60 na zaidi. Anataka kisanduku cha tarehe kifanywe cha lazima kama walivyofanya wengine. Karani amemjibu kwamba yuko tayari kuwatembelea wazee hao mmoja mmoja na kuandika makisio yao, kila moja likiwa na alama ya kuwa ni makisio, akipewa nauli. Suala la nauli limo katika ajenda ya kikao kijacho.